Kitunga ya Mama Mukwe

Kingi, siku ya ine, mwezi wa tisa

Mbegu zangu zimeota. Mama mukwe alisema tumbako na pilipili vitaua mbegu yangu ya maharagi, na alisema mbele ya majirani, siku ile nilikuwa natwanga majani makavu ya tumbako na kuchanganya na jivu, wadudu wasikule mbegu. "Tangu lini mbegu inavuta tumbako?" Wote walicheka. Iliniuma.

Kisha masasi ya vita ikatukimbiza mpaka Sake. Kila muntu aliacha mbegu yake ndani ya nyumba.

Juma jana tumerudi. Gunia ya mama mukwe ilikuwa nyepesi, maharagi matundu tupu, unga inamwangika, wadudu wanamupanda mikono. Mutungi wangu, ule nilifunga kinywa na udongo, ulitoa maharagi mazima, yananuka pilipili mpaka nikapiga chafya. Nikaweka machache ndani ya kitambaa ya maji, nione kama iko na uzima. Leo asubuhi yamepasuka, meupe, mazuri.

Hapa kwetu mama mukwe njo anapimia bibi-arusi mbegu ya kwanza. Mimi alinipimia nusu kitunga, akinung'unika. Leo amekuja na kitunga ileile, akasimama kwa mulango, akaniita:

"Mama Furaha, unisaidie na mbegu."

Kama vita itatuacha tuvune, sijui. Hiyo naiogopa kila siku. Lakini kitunga nimeijaza mpaka maharagi yakamwangika chini, na sikuinama kumusaidia kuokota.