Mapafu ya Panya, Mapafu ya Mama

Mbaha, 12 Februari 2024

Mwanangu Zita,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko chuoni? Sisi wazima, isipokuwa kifua changu. Nakuandikia kwa sababu simu hapa inashika tu ukipanda kwenye jiwe la Mzee Dunstan, na mambo ya kifua siwezi kuyapigia kelele juu ya jiwe.

Nikitoka bandani kubanika samaki kwa moshi nakohoa mpaka nashika ukuta. Baba yako mdogo Urban anasema mmegundua unga unaozuia moshi usiharibu mapafu. Ni kweli? Basi nitumie. Mimi ndiye niliyekuzaa. Nisipate mimi, apate nani?

Mama yako.


Morogoro, 25 Februari 2024

Mama yangu mpenzi,

Milele amina, na shikamoo. Pole sana na kifua.

Unga upo, ni wa majani ya mlonge. Lakini tuliwapa panya, mama. Tuliwalisha kabla ya kuwavutisha moshi wa kuni, kisha tukawapasua tuone mapafu. Ya waliokula unga yalikuwa yamevimba kidogo tu, si kama ya wenzao, ila hayakuwa mazima. Majani yana vitu vinavyopunguza makali ya sumu ya moshi, hilo tumeliona. Kwa mtu aliyevuta moshi miaka yote kama wewe, sijui, na sijamwona anayejua. Sikutumii. Nenda hospitali Mbinga, na toa kuta za banda moshi upite.

Mwanao Zita.


Mbaha, 9 Juni 2024

Zita,

Nilikaa kimya kwa hasira. Nilisema, mtoto ananinyima mimi dawa anayowapa panya. Hospitali sikwenda.

Sasa nakuuliza jambo moja. Urban anauza unga sokoni Mbinga na huku kwetu. Pakiti ina picha yako umevaa joho, na imeandikwa "Dawa ya Mapafu ya Dokta Zita". Wanawake wote wa mabandani wanaukoroga kwenye uji. Jirani yetu Beata, aliyekuwa anameza vidonge vya TB, ameviacha. Anasema dawa yako inamtosha. Ni yako? Niambie ndiyo au hapana.

Mama yako.


Morogoro, 17 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Hapana. Sikumpa baba mdogo unga wala ruhusa. Picha ni ile ya mahafali niliyowatumia nyumbani. Nimempigia. Kasema, "Wewe mtoto, jina lako ni la ukoo, na mkubwa wa ukoo ni mimi." Nikamjibu kwamba jina hili nilibatizwa nalo mimi, alitoe kwenye pakiti. Akasema, "Basi, mama yako naye aondoe banda lake kwenye kiwanja cha ukoo."

Profesa wangu ananishauri ninyamaze mpaka nimalize shahada hii ya pili. Sinyamazi. Nimeshawaandikia wakaguzi wa dawa. Na wewe wasomee akina mama barua hii: unga huu hautibu TB. Beata arudi zahanati leo, si kesho.

Kama unaogopa kwa ajili ya banda, niambie, nije nisome mwenyewe.

Mwanao Zita.


Mbaha, 4 Agosti 2024

Mwanangu Zita,

Hujambo? Masomo yanaendaje? Usije.

Barua yako niliisoma mimi, baada ya misa, watu hawajatawanyika, Urban amesimama mbele yangu. Akasema, "Shemeji, unaniaibisha kwenye uwanja wa kanisa?" Nikamwambia, "Ulijiaibisha sokoni. Mimi nasoma tu."

Kesho yake akaja na vijana kubomoa banda. Alikuta tumeshalibomoa wenyewe, mimi na wenzangu, tunateremsha miti kwenda ufukweni kwa Beata. Tumejenga jipya, paa bila kuta, na upepo wa ziwa unauchukua moshi. Samaki wanachelewa kukauka, wachuuzi wa Mbinga wananuna. Wanune.

Beata wamemwanzishia vidonge upya. Mimi nilikwenda hospitali hatimaye. Daktari amesema mapafu yameshachakaa, hayarudi yalivyokuwa, ila yanaweza yasizidi kuharibika. Nililia njiani, kisha nikaacha.

Mwambie profesa wako hivi: siku mtakapotaka kuujaribu unga wenu kwa watu, msipitie kwa Urban wala kwa mwenyekiti wa kijiji. Njooni kwetu akina mama, mkae chini, mtueleze. Tutauliza mpaka mchoke, na tukikataa mtaondoka.

Panya hawakuulizwa.

Mama yako,
Theodosia.