Miaka Sita Niliyoifuta

Jumatatu, 3 Februari
Kandura saba za sir, hizi kanzu zao nyeupe, zimenyooshwa. Nimetapika mara mbili choo cha nje, madam asisikie. Wiki ya kumi na mbili. Kesho kutwa ni kipimo cha damu na picha, mume wangu Juma kabadilishana zamu lindoni anisindikize. Mimba mbili zimeshatoka. Hii nayo ikitoka sijui nitashika wapi.

Jumatano, 5 Februari
Nesi ni Mkenya, Akinyi, mdomo haupumziki. Nikamuuliza kwa nini zile mbili zilitoka. Akachora. Seli ikitaka kugawanyika, kromosomu pacha hushikwa pamoja na protini zinazozizunguka kama pete, mpaka wakati wa kuachana ufike. Mayai yangu niliumbwa nayo tumboni mwa mama, na pete zake ni za tangu hapo. Miaka ikienda zinalegea. Kromosomu zinaachiana mapema, yai linabaki na moja zaidi au pungufu.
"Lakini wewe dada una thelathini na tano tu, usiwe na wasi."
Juma akacheka. Mimi jasho.

Alhamisi, 6 Februari
Nina arobaini na moja. Wakala wa Dar alisema mamadam wa huku hawataki watu wazima, akanipunguzia miaka sita kwenye paspoti. Wote tuliokuja naye tulipunguziwa, tukajiona wajanja. Juma nilimpata hapahapa Dubai, nikampa umri uleule. Miaka minne ya ndoa! Mjinga mimi. Kafeel, mdhamini wa viza yangu, kaamini, mume kaamini. Pete hazisomi paspoti.

Jumapili, 9 Februari
Majibu: hatari ya mtoto kuwa na kromosomu ya ziada ni ndogo. Juma akampigia mama yake Tanga, vigelegele hadi majirani wa nyuma ya pazia, tunaogawana nao chumba, wakatupongeza. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Karatasi nimeisoma chooni. Umri wa mama umo kwenye hesabu. Basi hiyo ni hesabu ya mwanamke mwingine. Naogopa kurudishwa nyumbani. Naogopa Juma kuniita mwongo. Zaidi ya yote namwogopea mtoto.

Jumanne, 11 Februari
Nimesema umri wangu, kliniki. Juma alikuwepo, sikuweza kumwacha nje. Akinyi akavuta faili langu: "Hapa ni kliniki, si uhamiaji." Akaweka umri wa kweli, akapiga hesabu upya. Hatari imepanda. Kuna kipimo kingine cha damu, hicho kinasoma kromosomu zenyewe. Ijumaa. Juma hakunitazama safari nzima ya metro mpaka kwetu Discovery Gardens.

Ijumaa, 14 Februari
Juma kanisindikiza tena. Kliniki akanichukulia fomu mkononi, akajaza mwenyewe. Jina langu. Simu yake. Penye umri akasita, akaandika 41, akanirudishia kalamu niweke sahihi.
Majibu wiki mbili. Tumerudi, amepika wali na maharage, tumekula.