Selile za Mifupa Yangu kwa Bariyeri

Mama, jambo sana huko Butembo!

Unanijua: mwalimu wa biolojia hajue kunyamaza, hata mu vita. Jana, kwa bariyeri ya askari, pa kuingia Masisi, nilikuwa naelezea mama mumoja muuza fromaji, ile jibini ya huku, mambo ya mifupa na selile zake, zile chembe hai ndogo-ndogo. Kwa sauti ya darasa: "Ndani mule iko selile zenye kutuma habari. Zikisikia uzito, zinaita wenye kujenga. Zikiona umekaa tu, zinaita wenye kubomoa."

Askari akageuka. Huku, selile yenye kutuma habari njo kundi la wapelelezi!

"Mukubwa wa hiyo selile iko nani?"

Kwa woga nikamuonyesha goti langu.

Mama wa fromaji alicheka wa kwanza, kisha askari. Akanibebesha kitunga cha yule mama: "Panda nacho kilima. Selile zako zitume habari vizuri!"

Leo sisimame bila kushika ukuta.

Lakini Mama, nasikia tangu masasi ya bunduki ianze kulia huko hautoke tena mu nyumba. Tembea-tembea hata humo uani, mu lupango, tafazali. Mifupa yako isiamini kama tulishakufa.

Mutoto wako, profesa wa fromaji,
Kambale