Nyimbo za Sauti ya Chini

Kavira mujukuu wangu, salamu nyingi toka Butembo. Mama yako alienda Kyavinyonge kununua samaki, na mbuzi yako ilizala mapasa, batoto babili. Unaniuliza namna gani ujitayarishe mbele ya kuingia studio mara ya kwanza.

Mimi niliingia mara moja tu. Ilikuwa wakati ya vita, basoda na bunduki zabo balikuwa banalala nyuma ya kanisa. Vingine sitaandika. Donc, kwa sababu yabo, korali yetu ilifanya repetisyo, mazoezi ya nyimbo, miezi mingi kwa sauti ya chini, midomo karibu na masikio, kusudi basitusikie. Nyimbo tulizijua zote. Siku tulishuka Beni kufanya kaseti, mwenye studio akafunga mulango, akasema: «Bamama, hapa sauti haitoke inje. Imbeni na nguvu!»

Gitaa ikaanza, tukafungua midomo. Sauti ikakatala. Alijaribu mara tatu, kisha akazima mashini, akainamisha kichwa.

Wewe, zoeza na sauti yako yote, hata majirani bakasirike. Yangu haikurudia mpaka leo. Kaseti ingali hapa: gitaa inasikika muzuri, na sisi bamama kumi na mbili tunasikika tunavuta pumzi tu.

Koko yako, Masika