Kwa Ligaya, Aliyekataa Kuweka Gitaa Chini

Mwaka umetimia, Ligaya, tangu ulipotuaga hapa Doha, na bado tunakuzungumzia mezani kana kwamba umetoka tu kwenda dukani.

Mumeo Herbert anaikumbuka Ijumaa, siku ya mapumziko huku, mliyokutana kanisani mtaani Mesaimeer. Yeye alikuwa dereva kutoka Kenya, wewe ulikuwa umetoka Manila kuja kuimba katika bendi ya hoteli. Uliisindikiza kwaya kwa gitaa kwa nguvu hadi padri akatabasamu. Herbert akamnong'oneza jirani yake, "Huyu dada atatutoboa masikio." Baadaye akakuoa.

Hotelini walitaka uvae gauni la kumetameta na kuimba nyimbo za mapenzi. Gitaa wapige wanaume. Meneja akakwambia, "Gitaa au kazi." Ulibeba gitaa lako ukatoka. Miezi ile ilikuwa migumu, lakini hukununa. Ulifundisha watoto wa majirani muziki, ukampikia tambi kila aliyebisha hodi, ukajifunza Kiswahili kwa kubishana na Herbert.

Ndipo ukawapata Sunita wa Nepal, mpiga ngoma, na Thushari wa Sri Lanka, mpiga besi. Mkaanza kupiga roki ya panki, ile ya kasi na ya kufoka, mkiwaimbia akina dada wa kazi za nyumbani wanaotumwa kutwa bila siku ya kupumzika.

Mwaka 2012 mama mkwe wako, Mama Milka, alitutembelea kutoka Kisumu. Alipowasikia mkifanya mazoezi akamwuliza Herbert, "Kwani mke wako amemkasirikia nani?" Hata hivyo alikuja kwenye sherehe ya Wakenya mliyoalikwa kupiga, akaketi mbele kabisa, mkoba mapajani. Katikati ya wimbo jamaa mmoja akapayuka, "Nendeni mkapike!"

Ukanyamazisha gitaa. Ukamjibu kwa Kiswahili, naye hakutarajia.

"Kaka, umekula leo?"

"Nimekula."

"Alipika nani?"

"Dada yangu."

"Basi tulia. Wimbo huu ni wake."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata yeye mwenyewe. Mama Milka akasimama akapiga vigelegele peke yake, mpaka akina mama wengine wakamfuata. Tangu siku hiyo alikuita Nyar Manila, binti wa Manila, na ole wake aliyekusema vibaya mbele yake.

Ugonjwa ulikuja taratibu. Sunita na Thushari walikuletea uji hospitalini kwa zamu, wakakuchekesha hadi muuguzi akawatoa nje. Herbert alipolia kando ya kitanda ulimshika mkono. "Usinionee huruma," ukamwambia. "Wengi wetu huja huku tukarudi bila mtu kutusikia. Mimi nilisikika."

Unakumbukwa na mumeo Herbert Omondi, binti yako Luz Atieno, Mama Milka, shemeji yako Silvesta, dada yako Marites aliye Manila, pamoja na wenzako Sunita na Thushari.

Tulikusikia, Ligaya. Hatutakusahau.