Siku Uliyokataa Kupakia Moto

Mama yangu,

Nakuandikia nikiwa Masakta, kwenye nyumba ya walimu, na gari lako limeegeshwa chini ya dirisha langu. Wanafunzi wanaliita shangingi la madam. Wanaona ukubwa wake tu, hawajui siku zile lilikuwa na nini tumboni. Nikifungua mlango wa nyuma bado linanuka vitunguu saumu. Nimelisugua kwa ndimu na magadi, lakini harufu haitoki. Magunia yako yameingia mpaka ndani ya viti.

Harufu hiyo ndiyo iliyotuziba pua. Ulilinunua nikiwa kidato cha pili, kwa mtu wa Babati, baada ya miaka mingi ya kupakia vitunguu vyako kwenye malori ya watu. Lilikuwa limeshazeeka. Harufu ya petroli ilipoanza kuingia ndani, ilikuja polepole, nyuma ya harufu ya vitunguu, na hakuna aliyeitambua. Baba alisema ni vitunguu. Wewe pia ulisema ni vitunguu. Mdogo wangu Neema alipotapika tukasema ni kona za mlima.

Kisha msimu ukaisha, ukashusha gunia la mwisho, ukaanika mikeka ya gari juani, na harufu ikabaki palepale. Nakumbuka ulivyosimama uani na kanga begani, ukawatazama kuku. Walikuwa wanachakura uwanja mzima isipokuwa sehemu moja, chini ya gari, kwa nyuma. Udongo pale ulikuwa umelowa.

Ulilala chali chini ya gari. "Anjela, niletee sabuni ya mche." Nikakuletea kipande, ukakifinyanga kiganjani hadi kikalainika, ukakandika palipokuwa panavuja. Ulikuwa umejifunza kwa madereva wa malori. "Sabuni haiyeyuki kwenye petroli," uliniambia ukijifuta mikono, ukicheka. Na kweli iliziba. Ilipolegea ukaweka nyingine. Ikawa ni kazi ya asubuhi kama kukamua, na tukaizoea.

Fundi wa pale Mbulu mjini ndiye ambaye hakucheka. Alifungua lile bamba la chuma linalokinga tenki na mawe, tope likadondoka bonge zima, bichi, wakati ilikuwa kiangazi. Akatuambia kwamba magari ya umri ule yana ugonjwa huo. Bamba linazuia mawe lakini linashika tope, tope halikauki, na chuma kinalika taratibu bila mtu kuona. Tena mpira wa kupumulia tenki ulikuwa umepasuka, kwa hiyo hewa ya petroli ilikuwa inapanda moja kwa moja hadi kwenye viti vya nyuma.

"Nichomelee basi," ulimwambia.

"Hili? Mama, unataka waniokote vipande?" Akakushauri uagize tenki zima kutoka Arusha. "Petroli yenyewe haina haraka sana. Hewa yake ndiyo inayotafuta moto."

Ukaagiza. Tulikuwa tunalisubiri wakati baba mdogo alipomaliza nyumba yake kule kijijini Daudi.

Wapo watakaosoma barua hii ambao hawaijui familia yetu, kwa hiyo niwaeleze. Kwetu, moto wa kwanza wa nyumba mpya hauwashwi kwa kiberiti. Hutolewa jikoni kwa mama wa mwenye nyumba, makaa yanayowaka yakifukiwa kwenye majivu ndani ya chungu, na huyo mama huupeleka mwenyewe. Mama wa baba mdogo ni bibi, na bibi alikuwa akiishi kwetu Endagikot, akipika jikoni kwako. Baba alikuwa ameshamwahidi mdogo wake kwamba gari litawaleta wote. Hukufurahi, lakini uliweka sabuni asubuhi ile, ukashusha vioo vyote, ukakubali.

Tulikuwa tumeshapanda. Shangazi mbele, sisi watoto nyuma juu ya mabegi, Neema akinilalia mapajani. Ndipo bibi akatoka jikoni amevaa gauni lake la kanisani, amebeba chungu mikononi kama anavyobebwa mtoto mchanga. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka pembeni ya mfuniko.

Ulizima gari, ukashuka, ukasimama kati yake na mlango.

"Mama, nisamehe. Huo moto hauingii humu."

Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akimjibu bibi hivyo. Hata baba alikuwa akimwamkia kwa kuinamisha kichwa.

"Unaniambia mimi?" bibi aliuliza.

"Nakuambia wewe, mama, kwa sababu wewe ndiye utakayeupakata."

Baba aliingilia, kwa sauti ya mtu anayetaka jambo liishe. "Mama Anjela, funika tu vizuri, twende. Sabuni si umeweka?"

"Sabuni inazuia tone, Baba Anjela. Hewa haiizuii."

"Haya, leo tumepata mkaguzi wa magari!" Shangazi alicheka bila kugeuka. "Gari limemvimbisha kichwa. Twendeni, kiberiti tutanunua Daudi."

"Kiberiti ni cha kuwashia sigara," bibi alimkatiza. Kisha akakugeukia. "Mimi niliubeba moto wa nyumba hii ulipoolewa. Niliubeba kwa miguu yangu. Leo wewe una gari, na gari lako linauogopa?"

"Linauogopa, mama. Na mimi nauogopa."

Nilidhani utashindwa. Nilikuwa nakutazama mgongo tu. Lakini ulifungua mlango wa nyuma, ukanyoosha mkono. "Shukeni. Wote. Hata bila moto sikupaswa kuwapakia leo. Nimelizoea tu." Ukamchukua Neema mapajani mwangu, ukamsimamisha chini akiwa bado na usingizi. Ukavua viatu vyako vya sherehe, ukavaa mabuti ya shambani, ukajisokotea ngata kwa kanga. Halafu ukapiga goti mbele ya bibi, palepale uani, na majirani wakitazama. "Nipe nikubebee, mama. Tutatembea."

Vyakula vilipakiwa juu ya punda wa jirani. Shangazi, Neema na mdogo wetu Emanueli wakaitiwa bodaboda. Bibi alikataa bodaboda. Akatembea nyuma yako, fimbo mkononi, na mimi kati yenu na mfuko wa mavi makavu ya ng'ombe, kazi yangu ikiwa kuongeza kipande kila moto ulipofifia.

Kutoka Endagikot hadi Daudi si karibu, na njia nzima watu walikuwa na la kusema. Mzee mmoja alisimama na ng'ombe wake kutuangalia.

"Mama Anjela, gari limekufa?"

"Shikamoo, mzee. Halijafa, limepumzika."

"Marahaba. Na hicho kichwani?"

"Moto."

"Moto! Kwani viberiti vimeisha madukani?"

Ulicheka. Nilikuona ukicheka huku machozi yanakutoka, na sikujua kama ni ya moshi au ya aibu. Kwenye ule mteremko mrefu bibi alisema neno lake la kwanza.

"Lete nibebe."

"Bado, mama."

"Lete, nimesema. Hiyo shingo imezoea vitunguu, utanimwagia majivu."

Ukamwekea. Mkawa mnapokezana, bila maneno mengi, mpaka tulipofika. Makaa yalikuwa hai. Bibi aliwasha moto wa mwanawe kwa mikono yake, akapiga vigelegele, akala, akalala hukohuko. Ahsante hakukuambia.

Baadaye nilisikia ulivyosemwa. Mkwe aliyemnyima mama mkwe gari. Mkwe mwenye mali na hana adabu. Hata baada ya ibada kuna waliokusalimia kwa ncha za vidole. Hukujitetea. Siku tenki jipya lilipofika na la zamani likashushwa, fundi alimwambia baba aliguse upande wa chini. Baba akabonyeza, kidole gumba kikazama ndani kama kwenye ukoko wa ugali. Alikitoa taratibu, akakitazama. "Ee," alisema. Kisha akaenda kukuchotea maji ya kunawa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kabla ya siku hiyo. Bibi hakuja kutazama.

Mama, mimi sasa nafundisha kemia. Kila mwaka nawaonyesha wanafunzi jinsi mvuke unavyoshika moto kabla ya kimiminika chenyewe. Matone machache ndani ya kopo, kijiti kinachowaka, mlio mdogo, mfuniko unaruka, wanapiga makofi. Mimi sipigi. Wakati ule huwa naliona gari letu, vioo vikiwa vimepandishwa kwa ajili ya baridi ya mlimani, kwa sababu bibi angeomba vipandishwe na wewe usingemkatalia, na Neema amenilalia mapajani. Naona chungu.

Jambo ambalo halikutokea halina siku ya kulikumbuka. Hakuna misa yake wala anayelisimulia msibani, na aliyelizuia huonekana msumbufu aliyeharibu sherehe. Ulipougua, watu walikuja kitandani kukushukuru kwa mengi: ada, mbegu, usafiri wa kwenda kliniki. Mimi nilikushukuru kwa shule. Kwa hili hakuna aliyekushukuru, maana hakukuwa na kitu cha kukionyesha zaidi ya sisi wenyewe, wazima, tukila chakula chako na kukulalamikia. Neema ana mtoto sasa, mama. Ana pua yako. Anaudhi kama sisi tulivyokuwa. Kwa hiyo ahsante. Ahsante kwa kuogopa mbele ya watu ambao hawakuogopa, na kwa kukubali wakucheke. Nimesoma miaka mingi na bado sijui kama ningeweza kusimama pale kati ya bibi na ule mlango.

Lakini kuna habari nimekuwa nikiichelewesha, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Emanueli amejenga. Yule kitinda mimba wako aliyekuwa akiogopa majogoo, ameoa na amejenga, hukohuko Daudi, jirani na baba mdogo. Moto wake ulipaswa kutoka mikononi mwako. Bibi alisema utatoka jikoni kwako, basi. Amezeeka sana, haoni vizuri, lakini alichagua makaa mwenyewe, akipapasa majivu kwa kijiti.

Mimi nilikuja na gari. Nilikuwa nimelipeleka gereji wiki ileile, likainuliwa, bamba likafunguliwa na kusafishwa, mipira yote ikaangaliwa. Zima kabisa. Na nilimhurumia bibi, magoti yake. Kwa hiyo nikamwambia, "Bibi, tenki la sasa ni zima. Nitaendesha polepole. Unaweza kuupakata."

Alinigeuzia uso kama vile nimetukana.

"Nani alikuambia moto wa kwetu hupanda gari?"

Nikarudisha funguo mfukoni. Mke wa Emanueli, msichana wa Hanang ambaye bado anajifunza mambo yetu, akauliza kwa adabu, "Bibi, na mvua ikinyesha je?"

"Unafunikwa. Unatembea nao. Hivyo ndivyo tunavyofanya sisi."

"Tangu zamani?"

Bibi alikuwa anakisokota kitambaa cha ngata kwa ajili ya kichwa cha yule binti. Alikimaliza, akakiweka, akakibonyeza kwa viganja vyote viwili kuhakikisha kimekaa.

"Tangu mama mkwe wako," alisema.

Pumzika salama, mama. Tulifika na moto ukiwa hai.

Mimi binti yako wa kwanza,
niliyekuwa nikibeba mfuko.