Jina langu juu ya mnara wa taa

Jumatano. Mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi saa nne, kisha ziwa likatulia. Goti la kushoto linauma, jambo ambalo si jipya.

Juzi alinijia Mwalimu Espérance, anayesimamia maktaba ya shule niliyofundisha zamani. Alikataa kiti, akakubali chai. Amejenga mnara wa taa ndani ya maktaba ili watoto wavutiwe na vitabu: maboksi yaliyopakwa chokaa, mistari miekundu, na juu kabisa chumba cha taa chenye karatasi ya njano. Mwanafunzi akimaliza kitabu na kukieleza mbele ya wenzake, jina lake huandikwa kwenye dirisha moja la mnara. Jumamosi utazinduliwa mbele ya wazazi.

"Mzee, pale juu tumeacha nafasi ya jina lako," aliniambia. "Weye ndiye uliyeuanzisha. Tena ulituma uondolewe, watu wakapona. Rumonge nzima iko inajua."

Sikumsahihisha.

Uhuru ulinikuta nikiwa mwalimu kijana mwenye suruali iliyonyooshwa na chaki mfukoni. Miaka michache baadaye nilikabidhiwa chumba chenye vitabu, ambavyo vilisomwa zaidi na mchwa kuliko watoto. Katika kimoja niliona picha ya mnara wa taa, ule unaovionyesha vyombo njia ya bandarini. Hapa kwetu haukuwapo. Niliujenga kwa maboksi ya sabuni niliyoyapaka chokaa na mistari miekundu, hadi ukafika darini, nikaanza kuandika majina ya wasomaji. Katika chumba cha taa niliandika jina langu, na chini yake: Mlinzi wa Taa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nami nilijua hivyo.

Mzazi mmoja tu alilalamika. Ramadhani alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, na baba wa Zaina, msomaji wangu wa kwanza. Alisimama mlangoni, magamba ya samaki miguuni, akautazama mnara.

"Mwalimu, huku kwetu taa iko ya kukamata. Ndagala wanaona taa, wanakuja, tunabachota na wavu. Sasa weye unawashia batoto. Nani atabachota?"

Nilimsahihisha Kiswahili chake mbele ya wanafunzi kabla ya kumjibu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Asante, mwalimu. Lakini ndagala hajawahi kunikatalia wavu kwa sababu nimekosea kusema."

Watoto walicheka. Mimi sikucheka.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji nchini Burundi. Yaliyotokea hapa ufukweni wanayajua waliokuwapo, na sitayarudia yote. Inatosha kusema kwamba watu walichukuliwa kwa orodha za majina, na kwamba kujua kusoma kulitosha kumfanya mtu atafutwe.

Asubuhi moja tulisikia kwamba shule ya jirani imepekuliwa. Nilikwenda maktaba peke yangu, nikapanda juu ya meza, nikalibandua jina langu. Sikuwa na kiberiti. Nilikitafuna kile kipande cha karatasi, nikakimeza. Kilikuwa na ladha ya gundi ya muhogo.

Majina mengine arobaini na moja niliyaacha yalipokuwa.

Nilijiambia kwamba hao ni watoto, hawatafutwi. Baadhi yao walikuwa wameota ndevu. Niliondoka haraka hata mlango sikuufunga.

Adhuhuri nilimkuta Ramadhani ufukweni akipakia mtumbwi. Zaina alikuwa amekwisha kukaa ndani, amekumbatia sufuria. Chini ya nyavu yalijitokeza maboksi meupe yenye mistari miekundu. Baba yake alinivuta kando.

"Utanisamehe, mwalimu. Nilienda kutoa jina la mutoto wangu. Nikaangalia, nikaangalia. Mimi sijui kusoma. Lake liko wapi? Basi nikabeba yote."

Jina langu lilikuwa tumboni. Nilimtakia safari njema.

Walivuka hadi upande wa Kongo, na mnara wakaukokea moto wa chakula chao cha kwanza huko. Njiani Zaina alimwuliza baba yake kwa nini ameiba mali ya shule. Alimjibu, "Mwalimu amenituma." Hakutaka binti yake amwone kuwa mwizi. Alifia hukohuko. Zaina alirudi akiwa mtu mzima, na tangu hapo amekuwa akiwasimulia watu kwamba mwalimu alimtuma baba yake. Kila anaposimulia mbele yangu, mimi huinamisha kichwa. Watu hudhani ni unyenyekevu.

Wanafunzi wangu wawili hawakupona mwaka ule. Hawakuchukuliwa kwa sababu ya mnara. Lakini ningewezaje kudai kwamba nilimlinda hata mmoja?

Nimewachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huu.

Leo mvua ilipokatika nilichukua fimbo yangu nikaenda Gatete, ambako Zaina anauza mawese. Sikutaka ayasikie haya Jumamosi pamoja na wageni, wala ayasome katika maandishi haya kabla ya kuyasikia kutoka kinywani mwangu. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alikuwa akimimina mafuta kwenye chupa. Aliendelea kumimina mpaka chupa ikajaa, akaifunga, akaipangusa kwa kitambaa, akaiweka chini.

"Kumbe mawese niliyokuletea kila Idi ulikuwa unakula bure," alisema.

"Ndiyo."

"Na baba, alinidanganya."

"Alikudanganya kwa ajili yako. Mimi nilinyamaza kwa ajili yangu."

Hakunikaribisha kukaa. Alimhudumia mteja mmoja, akamhudumia wa pili, kisha akaniuliza kama ile nafasi ya juu bado iko wazi. Nilimjibu kwamba iko wazi. Akaniuliza ni nani atakayewaeleza watoto sababu. Nilimjibu kwamba ni mimi, mbele ya wazazi wao.

"Basi jina la baba nitaliandika mimi," alisema. "Weye mwandiko wako mzuri tumeuona."

Jioni hii nimempigia simu Mwalimu Espérance na kumweleza yote, naye amekubali. Kwa hiyo Jumamosi, nikimaliza kusema, Zaina atapanda juu ya meza. Umri wake umepita sitini, lakini magoti yake ni mazima kuliko yangu. Mimi nitaishika meza isitikisike.